Mama Amejitoa Kwenye Nyumba ya Likizo

Shoga, uko? Usipige, nitashindwa kuongea. Soma tu.

Unaikumbuka ile nyumba ya likizo? Ile ambayo marehemu baba alinunua haki ya kukaa humo wiki moja kila mwaka, na ada unadaiwa uende usiende? Leo mama amejitoa. AMEJITOA.

Juzi mwanasheria wa kampuni alimwambia kavukavu, "Mkataba huu hauvunjwi, mama. Ukitaka kutoka, tafuta mtu achukue nafasi yako." Nikajua basi tena, tumekwama nayo.

Kumbe mtu ameshampata. Mama mdogo!

Mdogo wake wa tumbo moja! Mshonaji, mjane kama yeye. Amemwita hapa sebuleni, akamwambia, "Mdogo wangu, ile nyumba ya likizo nakupa wewe." Ada hakuitaja. Mama yangu huyuhuyu anayerudi dukani chenji ikizidi! Ada hakuitaja, shoga.

Mama mdogo kasaini bila kusoma, akamkumbatia huku analia. "Dada, tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kikubwa hivi."

Nikafungua mdomo. Mama akanitupia jicho. Nikaufunga.

Bado wako sebuleni. Mimi nimejifungia chooni, nakuandikia.

Unajua mama mdogo aliuliza nini kabla sijatoka pale? Alifuta machozi, akauliza, "Na nikifa, wanangu watairithi?"

Mama hakumtazama. Akasema, "Watairithi, mdogo wangu. Iko kwenye mkataba."