Miguu ya Mjomba Dadi

Jumamosi, 8 Juni

Ndoo, kata, mteremko. Kama jana. Bomba la hapa Kitangari limekauka tena, pampu haina dizeli, kwa hiyo likizo yangu yote ni kushuka bondeni na kupanda. Ukungu mzito. Humwoni aliye mbele yako, unasikia kikohozi chake tu.

Leo sijali hata kidogo. Hamisi anatoka jandoni Jumamosi ya tarehe 22! Mdogo wangu yuko porini toka mwezi uliopita na sisi wanawake hatuulizi kitu. Mama hagombi na mtu. Anasema mama wa mwali akigomba, kidonda cha mtoto kinachelewa kupona. Nimevunja sahani ya maua na hakusema neno. Laiti Hamisi angekaa huko mwaka mzima.

Kesho anakuja Mjomba Dadi kutoka Masasi. Yeye ndiye atakayembeba. Ndivyo ilivyo kwetu: mwali akitoka, mjomba wake, ndugu wa mama, anamweka mabegani kutoka mwisho wa mikorosho hadi uwanjani, ngoma zinapigwa, watu wote wanatazama. Asiyebebwa na mjomba watoto wenzake watamsema mpaka aote mvi. Na wajomba wa wenzake hawana pikapu. Wa kwetu anayo!

Nimeshonewa gauni. Lina mikono ya puto.

Jumapili, 9 Juni

Amekuja! Pikapu imejaa mchele, soda, mafuta ya kupikia, na redio kubwa ya kaseti. Zamani Mjomba alikuwa karani tu. Tangu biashara iwe ruksa na wanunuzi binafsi wa korosho wajae, ana duka Mkomaindo, palepale Masasi, ana dereva, ana tumbo.

Ila kushuka garini alishika mlango kwa mikono miwili. Bibi (mama yake mzazi) aliona. Kila mtu aliona.

"Shikamoo Mjomba," nikasema. Kwa sauti yangu ile ya panya.

"Marahaba Somoe. Bado hujajifunza kuongea? Shule ya Kiingereza hiyo inakula ada bure."

Watu wakacheka. Nikaingia jikoni. Nachukia uso wangu unavyochemka.

Jumatatu, 10 Juni

Miguu inamuuma. Mapaja na makalio, anasema, kama amelima heka nzima. Kuinuka kwenye mkeka anajiinua kwa mikono kwanza. Hii haikuanza leo. Mimi nasoma kidato cha pili Masasi, bwenini, na Jumapili naruhusiwa kwenda kwake. Nimeona toka Idi Kubwa.

Ana vidonge. Mwaka jana kifua kilimbana akiwa Dar es Salaam, daktari wa huko akamwambia damu yake ina mafuta mengi, yataziba mishipa ya moyo. Akaandikiwa vidonge vya kushusha hayo mafuta. Ghali, vinauzwa maduka haya mapya ya dawa. Idi Kubwa akabadilishiwa, akapewa vikubwa zaidi. Anavimeza kila jioni mbele ya watu, kichwa nyuma, kama anakunywa soda.

Bibi anasema siyo ugonjwa. Ni gari. Mtu asiyetembea miguu inalala.

Jumanne, 11 Juni

Baraza limekaa. Bibi, Mama, wazee wa jirani. Uamuzi: miguu ya Mjomba iamshwe. Dawa ya miguu hapa kwetu ni moja, mteremko. Atashuka na sisi wasichana kila asubuhi, atapanda na ndoo. Siku ya kutoka mwali atakuwa kijana.

Mjomba amekubali! Amevua viatu vya ngozi. Bibi kampa kata na ndoo. Nimecheka hadi nikakaa chini.

Baba ni mwalimu wa shule ya msingi hapa, Mngoni wa Songea, mwembamba kama ufito. Alipoletwa huku kufundisha akamwoa Mama, na hadi leo mambo ya ukoo yakizungumzwa anahamisha kiti pembeni, anasahihisha madaftari. Jioni aliniambia, "Kwa mama yako mimi nimezaa tu, Somoe. Mtoto ni wa mjomba." Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mdomo peke yake.

Alhamisi, 13 Juni

Mteremko umekuwa sinema. Wasichana wa kijiji cha Makote walioolewa huku wanaamka mapema kumwahi Mjomba. "Mjomba, nikubebe?" "Mjomba, honi iko wapi?" Naye anajibu kila mmoja. Kupanda anasimama kila kona, anashika magoti, anatukana korosho, serikali na milima. Nimefurahi kuliko siku zote za likizo. Natembea nyuma yake sisemi kitu lakini nacheka ndani.

Ila leo alipofika juu mikono ilikataa kupanda. Hakuweza kujitua ndoo. Nilimtua mimi. Hakunitania.

Jumamosi, 15 Juni

Niandike au nisiandike. Naandika.

Kwa ajili ya baridi Mjomba anawekewa kopo chumbani. Asubuhi ni kazi yangu kulimwaga. Siangalii kamwe, namwaga nimegeuza uso. Leo nimeangalia. Rangi ya chai ya rangi iliyochemka sana. Jana pia nilihisi, nikajidanganya ni giza.

Nimwambie nani? Msichana anamwambiaje mjomba wake habari za mkojo? Hata neno lenyewe naona aibu kuliandika. Nimeliandika mara moja, basi.

Jioni nilijikaza, nikamwomba lile karatasi linalokaa ndani ya boksi la dawa, nilisome. Nimesoma bailojia, nikasema, najua kidogo.

"Nimewashia sigara," akasema. "Kiingereza kingi, herufi kama sisimizi."

Jumapili, 16 Juni

Nimekumbuka kitu! Mwezi uliopita barabara ya Dar ilikatika, vidonge vikamwishia. Jumapili ile nilimkuta dukani anacheza na mteja. Anacheza! Anashuka chini na kupanda. Alisema miguu imepona yenyewe. Basi likaja, boksi likaja, na Jumapili iliyofuata alikuwa amekaa kwenye kreti la soda anajisugua mapaja.

Siyo gari. Siyo uvivu. Ni vidonge. Na sisi tunampandisha mlima juu yake!

Nina uhakika. Karibu. Nina uhakika.

Nimemwambia Mama jikoni. Alisikiliza, akapuliza moto. "Vidonge vya daktari vinatibu moyo, mwanangu. Miguu yetu sote inauma, mteremko ule. Yangu haiumi?" Ni kweli. Hapa huwezi kumpata mtu mzima ambaye miguu haimuumi. Nani atajua ya Mjomba inauma kwa namna nyingine? Habari ya kopo sikuweza kusema.

Na nina woga wa pili, mbaya. Akiacha kubeba, Hamisi atatoka vipi?

Jumatatu, 17 Juni

NIMESEMA.

Kona ya pili kutoka juu magoti yake yalikunjika. Hakuteleza. Yalikunjika tu, akakaa chini na ndoo ikamwagika yote, maji yakakimbia njiani na wanawake wakapiga yowe kwa ajili ya maji kabla ya kupiga yowe kwa ajili yake. Akajaribu kusimama. Akakaa tena. Mzee mmoja akasema hiyo ndiyo dalili ya miguu kuamka, ajazwe ndoo nyingine, asipoe.

Mjomba akanyoosha mkono apewe ndoo.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nilipiga kelele. "Mjomba, usinyanyuke! Mkojo wako mweusi! Nauona kila siku kwenye kopo, ni mweusi kama chai! Ni vile vidonge!"

Mteremko mzima. Wasichana wa Makote. Wazee. Bonde likarudisha neno lile.

Halafu mtu mmoja akaangua kicheko, halafu wote, halafu wakaacha, kwa sababu Mjomba hakucheka. Aliniangalia. "Toka lini?" akauliza. Taratibu, kama ananunua kitu.

"Toka Jumamosi nina hakika."

"Na mimi nilijua," akasema. "Nilidhani nimerogwa. Wenye wivu wako wengi."

Wakambeba wanaume wanne. Mimi nilibeba ndoo tupu, natamani ardhi inifunike, na wakati huohuo natamani kuruka. Nimesema! Mimi!

Jumanne, 18 Juni

Masasi. Dereva, Mjomba, Baba na mimi. Tuliteremka ile barabara ya kona, Mjomba anashika dashibodi.

Daktari hospitalini ni kijana wa Bukoba, mpole. Akauliza imeanzaje. Mjomba akaninyooshea kidole. Kwa woga nikaanza kwa Kiingereza, kama mtihani. Daktari akatabasamu: "Ongea Kiswahili tu, mwanangu, wote hapa tunaumwa kwa Kiswahili." Nikaeleza. Vidonge vikubwa, barabara kukatika, kucheza dukani, mteremko, kopo. Lile neno nililitaja vizuri tu, wala sikufa.

Akasema nimeona sawa. Vidonge hivi vinafaa watu wengi, ila wachache vinawashambulia misuli. Misuli inavunjika, uchafu wake unapitia kwenye figo, ndiyo ile rangi. Kupanda mlima kumezidisha. Angeendelea, figo zingekufa. Wamempima damu, wamemlaza, dripu.

Vidonge aache leo hii. Moyo atautazama baadaye, dawa nyingine, dozi ndogo, na mafuta ya kula yapungue. Sasa hivi kazi moja, kunywa maji. Mengi. Asinyanyue kitu.

"Hata mtoto?" Mjomba akauliza. "Mtoto mmoja tu. Jumamosi."

"Hata paka."

Mjomba akageukia ukutani.

Alhamisi, 20 Juni

Mimi na Baba tulirudi jana. Mjomba ametolewa dripu, lakini hataki kurudi Kitangari. Ametuma dereva peke yake. Ujumbe: atakaa Mkomaindo. Mjomba asiye na mabega anakwenda kufanya nini? Kula pilau?

Mama amelia, lakini bila kugomba. Bibi anasema wakatafute binamu huko Newala mjini. Hamisi hamjui binamu huyo. Hamisi toka akiwa mdogo anawatambia wenzake mabega ya Mjomba Dadi tu.

Ni kosa langu? Hapana. Najua hapana. Lakini naendelea kujiuliza.

Jioni nilimtafuta Baba. Nikamkuta nyuma ya darasa la tano, hana shati, gunia la muhogo mkavu shingoni, anazunguka mlingoti wa bendera. Anahema. Aliponiona akalitua haraka, akajifanya anakaza kamba yake.

Sikusema kitu. Safari hii kwa makusudi. Ila nilimtuma dereva. Nilimwambia akamwambie Mjomba nilichokiona.

Ijumaa, 21 Juni

Pilau linaanza kuandaliwa. Hakuna habari kutoka Masasi. Nimejaribu gauni mara sita. Silali leo, najua.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika huku mikono inanuka vitunguu na sijali!

Ngoma zilianza na ukungu. Wajomba wa wenzake Hamisi wamejipanga mwisho wa mikorosho, wamejifunga mashuka kiunoni. Baba pembeni, na madaftari yake. Kweli kabisa, aliyachukua. Binamu wa Newala hakufika.

Halafu honi. Pikapu! Mjomba kashuka polepole, fimbo mkononi, chupa ya maji kwapani. Akawapita wazee wote bila kusalimia. Akasimama mbele ya Baba. Akafungua shuka lake kiunoni, akamtandikia Baba mabegani.

"Shemeji, nasikia unabeba magunia ya shule."

"Ya shule hapana, ya mke wangu," Baba akasema.

"Basi leo mabega yako ni yangu. Ukimwangusha nitakudai mtoto na shuka."

Mzee mmoja akaanza, mila haisemi hivyo. Mjomba akamwambia mila inasema mjomba atoe mabega, naye ametoa, hayo hapo, membamba kidogo lakini yametoka kwake. Watu wakacheka, Bibi akapiga kigelegele cha kwanza, na kigelegele cha Bibi kikishatoka hakuna wa kukirudisha.

Hamisi amenona huko! Kichwa kimenyolewa kinang'aa. Aliambiwa asitazame watu, atazame chini, lakini aliona nani yuko chini yake, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Baba akainuka. Akayumba kidogo. Mjomba pembeni amemshika Hamisi kifundo cha mguu, anatembea, anaelekeza: "Kushoto shemeji! Mzizi! Inua! Songea hakuna mizizi?" Kila hatua chache anakunywa maji. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakatika. Mimi. Mbele ya watu wote.

Baba alifika. Alipomtua hakuachia. Alimshika Hamisi muda mrefu, na hakuna aliyemhamisha kiti.

Na jambo hili. Kwa mwali watu huleta khanga na shilingi. Leo wanawake wa mteremko walileta hivyo, halafu wakaleta na ndoo. Wale wa Makote kwanza. Wameamka gizani wamepanda nazo. "Ya Mjomba, anywe, dokta kasema." Ndoo zikajaa ukuta mzima. Mjomba alizitazama, akavua kofia, akashindwa kutania.

Jumatatu, 24 Juni

Kumetulia. Hamisi bado amelala, hataki kuvua shati jipya. Baba anasahihisha madaftari, katikati ya baraza. Shingo yake ina mchubuko, hataki upakwe dawa.

Asubuhi nilikwenda kuchukua kopo. Mjomba alikuwa ameshatoka nalo mwenyewe, pole pole na fimbo yake, ameliweka kwenye mwanga karibu na mlango. Aliniashiria kwa kidevu nitazame.

Nikatazama. Mweupe, kama maji.

Nikalimwaga. Nikanawa mikono. Nikachukua ndoo na kata, nikashuka.