Idadi Iliyofika Nyuma ya Maelezo

Sokcho, Korea Kusini, baada ya sikukuu ya Chuseok

Kaka Gi-cheol,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini mgongo umekuachia, na wifi na watoto hawajambo huko Vancouver. Sisi tu wazima. Mama anakula, na analalamika kwamba kimchi ya mwaka huu ina chumvi kupita kiasi.

Habari kubwa ni ya Mama Mdogo Ok-bun. Unajua kwamba tangu wapotezane bandarini Hungnam wakati wa vita, mama hakuacha kumtafuta. Kila Chuseok aliandika jina lake kwenye ukurasa wa mtandaoni wa chama cha familia zilizotengana, na ukurasa ukamjibu: hakuna. Mwaka huu nilimpeleka ofisini kwao. Bi Tak, fundi wao mpya wa kompyuta, akafungua hifadhidata yenyewe. Jina lilikuwemo, na anwani ya Pohang.

Mama aliuliza mbona mashine ilimdanganya. Bi Tak akaeleza kwamba ndani ya hifadhidata umehifadhiwa utaratibu: ukipewa jina, hutuma kwanza maelezo ya mtu, kisha mwishoni idadi ya waliopatikana. Ukurasa ulipaswa kupokea maelezo yote ndipo usome idadi. Huu ulisoma mapema. Maelezo mafupi yalifika pamoja na idadi yake. Yakiwa marefu, ukurasa ulikuta patupu, ukajibu hakuna.

Na Ok-bun, alipojiandikisha, alikuwa ameandika maelezo marefu. Mama alisoma kidogo akacheka: "Mwone huyu! Kurasa zote hizi na bandarini bado hajafika!" Akasema mdogo wake alijua kusema kabla ya kutembea.

Tulikwenda Pohang. Binti yake alitupokea mlangoni, akatuambia mama yake alifariki majira ya kuchipua yaliyopita. Mama aliketi mbele ya picha ya mdogo wake, akamenya tunda la pea, akamwambia: "Haya, sema. Leo sikukatizi."

Kaka, ukurasa ule ni ule uliowatengenezea ulipokuwa chuoni, kwa ajili ya mama. Bi Tak alituonyesha jina lako juu ya mistari yenye kosa. Ameshairekebisha. Mama alinikataza kukwambia. "Mwache," alisema, "hatakula."

Nimekwambia kwa sababu Jumapili utampigia simu, naye atataka kukuhadithia habari za Ok-bun. Ataanzia mbali, kwenye theluji na kitambaa cha bibi. Wewe huwa unamuaga kabla hajafika kokote.

Wasalimie wote. Bi Tak naye anakusalimu.

Mdogo wako,
Sun-rye