Kimbunga Ulichokisimulia Bila Kukiona

Kaka yangu,

Pokea salamu zangu na za baba, ambaye amekaa karibu nami akimenya chungwa na kujifanya hasomi ninachoandika. Sisi hatujambo. Goti la baba linamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, lakini anakula, anabisha na anakoroma, kwa hiyo usiwe na shaka. Natumaini nawe u mzima, wifi mzima, na watoto wanaendelea vizuri na shule. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kila nikikupigia simu unakata, na barua haina kitufe cha kukatia.

Nasikia sauti imekukauka. Wifi aliniambia, tena kwa fahari, maskini, kwamba wageni wanaingia na kutoka sebuleni kwako kusikia ulivyopambana na kimbunga. Kwamba ulitubeba baba na mimi mpaka nchi kavu, ukarudi peke yako kukiokoa chombo, na kikazama mbele ya macho yako huku umeng'ang'ania kamba mpaka viganja vikachubuka. Kwamba jirani yako mwenye duka la dawa alilia. Kwamba chama chenu cha wenye mashua kinakutaka ukawahutubie. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia baba hajambo, nikamuaga. Sikuona sababu ya kumwaibisha mke wa mtu kwa maneno ya mumewe. Lakini wewe tumelala kitanda kimoja tukiwa wadogo, kwa hiyo wewe nitakuaibisha kwa raha zangu.

Hebu tuanzie mwanzo, maana nasikia mwanzo huwa unauruka. Baba alipopata taarifa kwamba gati la zamani litavunjwa pamoja na nyumba zote za ukingoni, alikuwa na jambo moja tu kichwani: chombo chake. Nyumba hakuililia. Ile mashua aliinunua ikiwa gofu, akaitengeneza ubao kwa ubao, na matanga yake aliyashona marehemu mama kwa cherehani ileile aliyotushonea sare za shule. Alitaka aje nayo huko kwenu, akae karibu na wajukuu. Tatizo lilikuwa msimu. Vimbunga vilikwisha kuanza, na hao wabomoaji hawakuwa watu wa kusubiri bahari itulie.

Ndipo ukaja wewe, kaka, na kofia nyeupe yenye nanga ya dhahabu. Mpaka leo sijui muuza makochi anaipata wapi kofia ya namna ile. Ukatandaza ramani za bahari kwenye meza ya mama, ukazikandamiza pembeni kwa vikombe vyetu vya chai, tukawa tunakunywa kwa zamu. Ulikuwa umetoka kwenye mafunzo yako ya wikendi na ulizungumza kama mtu aliyeivumbua bahari. Mimi, ninayekula mshahara wa msaidizi wa nahodha kwenye tagi, ninayevuta meli za watu kuingia na kutoka bandarini mvua na jua, uliniambia nisikuharibie mtiririko wa mawazo.

Nilisema twende kwa vipande vifupi, kila kipande kiishie mahali tunapoweza kujificha, na tusing'oe nanga mpaka utabiri wa asubuhi na wa jioni ukubaliane. Nilisema hali ikiharibika katikati ya safari, maficho yetu yawe ule mto wenye mikoko, ambako tagi zetu zenyewe hukimbilia. Ukacheka. Ukasema mto ule ni mbu na matope, na kwamba nahodha wa kisasa haendi kujizika kwenye tope kama kaa. Ukaweka kidole kwenye bandari mpya ya mashua iliyo njiani, ile yenye magati yanayoelea, mabafu ya maji moto na mkahawa ghorofani, ukasema hapo ndipo penye usalama. Nikakueleza kwamba gati linaloelea limeshikwa na nguzo tu. Bahari ikipanda kuliko nguzo, gati linachomoka kama pete kwenye kidole, na mashua zote zinaondoka nalo. Ukanijibu kwamba wataalamu waliolijenga hawakuwa wajinga.

Kilichokupeleka kule nilikijua. Chama chenu kilikuwa na karamu yao ghorofani siku hizohizo, nawe ulitaka kuingia na chombo, bendera zinapepea, wakuone. Baba naye alijua. Alikuuliza neno moja tu, kama una hakika, ukasema una hakika, naye akakuachia usukani kwa sababu wewe ni mwanawe wa kwanza na hukuwahi kumwomba kitu kingine kinachohusu bahari.

Safari yenyewe nitakusamehe nisiisimulie sana. Ulitapika tangu tulipoupita mnara wa taa. Ulinipigia kelele nipunguze tanga, na nilipolipunguza ukanipigia kelele kwa nini tunakwenda polepole. Tuliingia bandari ile mpya mimi nikiwa kwenye usukani, nawe ukajifuta mdomo, ukavaa kofia, ukasimama mbele kabisa mkono kiunoni ili watu wa mkahawani wakuone vizuri. Walikupigia makofi. Nilidhani nitazimia kwa aibu.

Kesho yake kimbunga kikageuka. Kilikuwa kinakwenda zake mbali baharini, redio ikatangaza kwamba kimekata kona na kinakuja pwani. Mkuu wa bandari akapita gati kwa gati akisema kila mwenye chombo akitoe au akiache na aondoke, maana hawezi kuahidi kitu. Watu wa karamu walipotea kama wamefutwa kwa kitambaa. Mimi nilikuwa nakagua mafuta ya injini. Ulikuwa chini chumbani na baba, kisha ukapanda ngazi na begi dogo mkononi, ukasema unakwenda kututafutia gari na vyumba vya bara, utarudi sasa hivi. Hukunitazama usoni. Uliondoka na redio ya mkononi ya chombo, ukausahau mfuko wako mkubwa wa nguo.

Tulikungoja, kaka. Nilikungoja nikiwa nimekunja ngumi. Upepo ulianza kupiga miluzi kwenye milingoti yote ya bandari, na barabara ya kutokea ilikuwa tupu. Mhudumu aliyekuwa anafunga milango ya mkahawa akaniambia alikuona ukipanda gari la daktari mmoja wa chama chenu. Nikamwambia baba. Akasema tu: "Haya. Fungua kamba."

Kuanzia hapa wewe hujui chochote, kwa hiyo soma polepole.

Tulitoka mchana, bahari ikiwa na rangi ya maji yaliyooshewa masufuria. Tuliingia mtoni na maji yanayojaa, tukapita kona ya kwanza na ya pili, mpaka pale mikoko inaposongamana na huoni bahari tena. Tope lako ulilolidharau likazipokea nanga zetu mbili, likazimeza kabisa. Tulivua matanga ya mama tukayashusha chini, tukashusha kila kitu ambacho upepo ungeweza kukishika. Kisha nikapita ndani ya maji na matope mpaka kifuani, nikafunga kamba kwenye mashina ya mikoko kulia, kushoto, mbele na nyuma, mpaka chombo kikakaa katikati kama buibui kwenye utando wake. Mbu walikuwepo. Hilo ulisema kweli.

Shida ikawa kamba. Zikisuguana na ukingo wa chombo kwa nguvu ile zinakatika, na matambara yote ya kuzivisha yaliisha. Baba akaniambia nilete mfuko wako. Tulizifunga kwa mashati yako ya hariri, kaka, na suruali zako zilizonyooshwa kwa pasi. Kamba kubwa ya mbele, iliyobeba karibu uzito wote, tuliivisha lile koti lako la buluu lenye vifungo vya dhahabu. Siku ya pili lilikuwa limeliwa mpaka bitana, lakini kamba ilikuwa nzima. Ndiyo kazi ya maana ya kwanza koti lile limepata kufanya.

Kimbunga chenyewe sitakupambia, kwa kuwa wewe tayari umekipamba. Kiliingia asubuhi na asubuhi ikawa giza. Mikoko ililala chali. Mto ulipanda mpaka nikaona mizizi yote imezama na tunaelea usawa wa majani, na kila upepo ulipokuja chombo kililala ubavu, kikalia, kikainuka. Mimi nilipiga pampu mpaka mikono ikaacha kunisikiliza. Mti mmoja ulikuja na maji ukatuvunjia usukani. Kamba mbili zilikatika. Baba alikaa chini karibu na mlingoti, ameukumbatia, akiongea. Nilidhani anaomba dua. Nilipomkaribia nikasikia anamwelezea mama hali ilivyo, kamba ipi imekatika na ipi bado imeshika.

Upepo ulipochoka, nilitoa kichwa nje. Mikoko haikuwa na jani hata moja. Na chombo, kaka, kilikuwa kinaelea.

Ndiyo. Kinaelea. Barua hii naiandika ndani yake, kwenye meza ileile uliyoitapikia. Bandari yako ya kisasa ndiyo haipo. Nguzo zimesimama peke yake, magati yamepanda mpaka kwenye maegesho ya magari, na mashua za chama chenu zimerundikana huko kama viatu mlangoni pa msiba. Kwa mbali mtu angedhani na yetu imo humo, nawe bila shaka ulidhani hivyo. Ujumbe niliokutumia mtandao uliporudi ulisema tu "tu wazima". Hukuuliza tulinusurika vipi. Ungeuliza, ungekosa hadithi.

Hapa ndipo nilitaka kuimaliza barua. Nilikuwa nimeshaandika maneno ya mwisho, makali, ya kukuita mtoro mbele ya watoto wako. Jana nikamsomea baba nilichoandika, nikitarajia acheke. Hakucheka. Aliniuliza nani kaniambia ulikimbia. Nikamwambia nilikuona kwa macho yangu. Ndipo akanieleza kilichotokea kule chini chumbani nilipokuwa kwenye injini.

Anasema ulikuwa unafungua fundo la kamba na mikono haikukubali. Ulijaribu, ukajaribu tena, mpaka ukakaa sakafuni ukalia, ukamwambia umetuua wote kwa ajili ya makofi ya watu. Na baba ndiye aliyekuambia uondoke. Anasema alikwambia: "Mikono yako haifai leo. Shuka, na usirudi hata dada yako akikuita." Ulikataa. Akakuamuru kama baba. Akakuomba useme unakwenda kutafuta gari ili mimi nisikudharau. Redio uliyoondoka nayo alikupa yeye, usikilize habari zetu.

Kaka, nimekaa na neno hilo tangu jana na bado halijanishuka kooni. Neno mtoro nimelifuta. Ukitazama ukurasa kwenye mwanga utaliona bado. Kutii kwako nimekuelewa. Lakini hiyo hadithi ya sebuleni hakukuamuru mtu. Ungeweza kukaa kimya. Ungeweza kusema mzee aliniona natetemeka akanishusha, na wageni wako wangekunywa chai yao na kwenda zao, na mimi ningekuheshimu kuliko siku zote ulizovaa kofia. Badala yake umekizamisha chombo cha baba kwa mdomo, kitu ambacho kimbunga kizima kilishindwa. Kwa hilo nakudharau, na nadharau kwa moyo mkunjufu.

Usukani umetengenezwa. Msimu haujaisha, kwa hiyo tunakuja kama nilivyosema mwanzo, vipande vifupi, kila jioni tumejificha mahali. Nafasi ya kufunga nimeomba kwenye bwawa la ndani la bandari yenu, nyuma ya ghala la mbao, mbali na gati la chama chenu. Hali ya hewa ikikubali tutaingia Jumamosi maji yakijaa, na pale watu wote wa mjini kwenu watakiona chombo kilichozama kikipita.

Baba anasema wewe ndiye utakayepokea kamba yetu. Nimemwambia hutakuja, utapata homa au safari ya ghafla. Anasema utakuja. Tumebishana tangu asubuhi na hakuna aliyekubali. Mimi nitairusha kamba hata hivyo, maana lazima irushwe, na sitasema kitu. Hutakiwi kuhutubia. Unatakiwa kudaka tu.

Msalimie wifi, umwambie nilimpenda zaidi siku ile alipokusifu. Wabusu watoto, waambie babu yao anawaletea makombe ya chaza wa mtoni. Nami nakuaga nikiwa bado na hasira, ila mzima na mwenye afya.

Mimi mdogo wako,
Kichwa Ngumu, kama ulivyonibatiza

Baba ameomba kalamu aongeze lake:

Mwanangu, ukingo wa bwawa una utelezi. Njoo na viatu visivyoteleza.