Nimemchagulia Mume Wangu RAM kwa Wivu

Shikamoo Bi Thuwaiba. Nnaomba uninasihi, maana nina furaha tele na roho inaniungua. Nimeolewa juzijuzi na Haroub, nnampenda hata akikohoa, nguo zake namfukiza udi mwenyewe, na kazi yake ni kuhariri video za harusi za watu kwenye kompyuta ya mezani ambayo siku hizi inakwama akiunganisha vipande virefu, basi hata fungate haijesha akaanza kwenda Darajani kwa Tahera, anayeuza vifaa vya kompyuta, na tokea hapo nyumbani ni Tahera kasema hivi, Tahera kasema vile. Wanatumiana sauti kwenye simu wakibishana ipi bora, RAM ya DDR4 kama aliyonayo au DDR5 iliyo mpya, na wanacheka, na mimi namenya ndizi nasikiliza. Nikiuliza, ananibusu paji la uso, ananambia, "Mambo makavu haya mke wangu, yatakuchosha." Kwa Tahera hayachoshi.

Tahera kamshauri abaki na DDR4, aongeze kipande cha pili kinacholingana na cha kwanza. Mimi sijui hata RAM inakaa wapi, lakini kwa kuwa kasema yeye, nikamkumbatia mume wangu nikamwambia, "Chukua ya tano, wewe si mtu wa vitu vya jana." Akafurahi mpaka akanibeba. Sasa Jumamosi anamuuzia mtu wa Nungwi kamera yake ili aimudu. Niambie DDR5 ndiyo bora, jina la yule mwanamke lisitajwe tena kwangu.

Faiza, Kikwajuni

Marahaba, Faiza. Hongera ya ndoa. Bibi harusi akisikia mumewe anacheka na mwengine ana haki ya kununa. Lakini ulilolifanya ni baya.

DDR5 ina kasi zaidi, kweli. Ila haiingii kwenye bodi mama ya DDR4, ile inayobeba vifaa vyote ndani ya kompyuta, kwa hiyo atabadilisha bodi, na pengine prosesa pia. Yake inakwama kwa sababu RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, inamjaa, na kipande cha pili kitamtosha. Tahera kampa ushauri unaomwachia kamera yake, wewe umempa unaomnyang'anya. Nani hapo mke?

Mwambie leo kuwa ulisema kwa wivu, usizunguke. Mwambie pia vile vicheko vinakuumiza, na hayo mambo makavu akufundishe. Jumamosi nenda naye Darajani, vaa buibui lako zuri, muulize Tahera mwenyewe. Kipande mkifika nacho nyumbani, kitieni nyinyi wawili. Umeme uzimwe kwanza.