Namba Mpya ya Shemeji Yako

Nyumba ya geti la kijani,
nyuma ya karakana.
12 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo? Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi ni wazima, ila goti la mama linazidi kumsumbua, na macho yangu yameanza kukataa kutunga uzi kwenye sindano.

Ulinipigia simu juzi. Sauti yako ilikuwa tamu kuliko kawaida, na hicho ndicho kilichonitia wasiwasi. Uliomba namba mpya ya shemeji yako, eti umsalimie tu. Miaka sita hujamsalimia, salamu zimekukaba wiki hii? Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu unanichekesha, nikishakata ndipo nakumbuka nilichotaka kusema.

Kwanza habari ya nyumba. Mwenye nyumba wetu, yule tunayemwita Mzee Risiti, anauza. Amesema sisi tuliokaa humu siku nyingi tuna haki ya kwanza, lakini atatusubiri hadi Januari tu. Tayari kuna bwana wa gari jeupe amekuja mara mbili kupima ua kwa hatua, akijifanya anaongea na simu. Nyumba hii haina ngazi hata moja, na tukiikosa sijui mama atapandishwa ngazi za wapi na goti lile. Hatuna njia ila mkopo wa benki.

Sasa shemeji yako. Tangu mwaka uanze nilikuwa namshuku. Alishabadilisha namba ya simu bila kunieleza sababu. Kila tarehe tatu anaoga mapema, anavaa shati jeupe na kutoka, na mtu anayechomelea mageti havai shati jeupe kwenda kazini. Nikimuuliza, anasema anakwenda kuonana na mteja. Nilinusa kola zake, zikanuka moshi wa kazi tu. Hilo halikunituliza. Nilijua huyo mwanamke ni mjanja.

Mwishoni mwa Agosti nilikuwa nafuta vumbi juu ya kabati, nikakuta bahasha ya pesa ndani ya glavu zake kuukuu. Sikuuliza. Nilizifunga kwenye vipande vya kitambaa, nikazisokomeza chini ya droo ya cherehani, nikasubiri aseme mwenyewe. Alitafuta juu ya kabati, chini ya kabati na ndani ya viatu, mwishowe akaniuliza kama nimeona panya humu ndani. Nikamwambia panya wa siku hizi wanapaka wanja.

Baada ya siku chache grainda yake, ile mashine ya kukatia na kulainishia vyuma, haipo. Namwona anasugua vyuma kwa tupa, mikono imevimba. Nikajiuliza ni mwanamke gani huyu anayehongwa grainda.

Tarehe tatu ya mwezi huu nikamfuata. Aliingia kwenye ofisi ndogo ya mikopo juu ya duka la vioo, akasimama kwenye dirisha la dada mmoja mwenye kucha ndefu. Nikasema ndiye huyu. Nilimalizia ngazi zilizobaki, maneno yangu yote yakiwa tayari mdomoni. Yule dada akaniona nimesimama bega kwa bega na shemeji yako, akatabasamu.

"Karibu mama. Mzee wako huyu hajawahi kuchelewesha rejesho. La mwezi uliopita alikuja jasho linamtiririka, lakini alifika."

Niliyameza maneno yangu moja moja.

Mimi na shemeji yako tulikaa kwenye ngazi, akanieleza. Jina lake liliingizwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Deni lenyewe alishalimaliza mwaka jana, lakini doa limebaki, na kila benki aliyokwenda tangu Mzee Risiti amdokeze kuwa atauza ilimwonyesha mlango. Yule dada ndiye aliyemshauri achukue mkopo mdogo asiouhitaji, aurudishe kila mwezi bila kukosa kwa mwaka mzima, ili jina litakate. Naye, kwa kuogopa kuzila hizo pesa, akazificha kwenye glavu, akawa anachomoa humo humo anarudisha, riba anatoa mfukoni. Mimi nami nikazificha kwa mara ya pili, nikakaribia kulichafua jina lile lile lililokuwa linafuliwa. Aliuza grainda ili asikose siku.

Nikamuuliza jina lake lilichafuliwa na nani. Nilipomng'ang'ania akasema, "Nilimdhamini ndugu yako ule mkopo wa mashine za kopi. Alipoondoka hakulipa, wakanigeukia mimi. Ningekwambia ili iweje? Ni ndugu yako."

Mdogo wangu, ulituambia umelipa kila kitu kabla ya kupanda ndege. Mimi nikakushonea na koti la safari. Kumbe waliokudai walikuwa wakimpigia yeye asubuhi na jioni, hadi akabadilisha namba. Miezi yote hii nimekuwa nikimnusa mtu asiye na kosa, na mwenye kosa nikimtumia salamu. Nimeumia, sikufichi. Na nikiiona ile mikono naumia upya.

Pesa nimezirudisha kwenye glavu. Grainda tumeikomboa, ingawa aliyeinunua ametukamua kwelikweli. Yamebaki marejesho mawili, kisha twende benki.

Ndipo ukapiga simu. Nilimuuliza nikupe namba yake? Hakuinua hata kichwa kwenye sahani. "Mpe tu," akasema, "ni ndugu yako." Hapo hapo nikaamua sikupi. Namjua mume wangu. Akikusikia ukisema "shemeji" kwa sauti ile, atauliza kalamu iko wapi akutilie saini tena. Labda kweli ulitaka kumsalimia tu, na kama nakusingizia utanisamehe. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Tukiipata nyumba, chumba cha nyuma kitakuwa na kitanda chako. Njoo ukae hata mwezi. Utamwomba radhi shemeji yako ana kwa ana, nami nitakuwa nimekaa katikati yenu.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote katika haya, na asijue. Msalimie wifi yangu, mwambie vipimo vya watoto avitume upya maana watakuwa wamerefuka. Mungu akulinde huko uliko, akupe wepesi wa kulipa kuliko wa kukopa.

Dada yako akupendaye tangu nilipokuwa nikikubeba mgongoni.

Tena: usihangaike kumpigia mama kumwomba hiyo namba. Nimeshaifuta kwenye simu yake.