Baba, Nimemnyima Opio Ushindi

Baba,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu mabishano yetu yamefika mahali ambapo siwezi kuyaendeleza peke yangu bila kuonekana nimeshinda kwa kukosa mpinzani. Ushindi wa aina hiyo uliudharau, nami pia naudharau.

Kwanza habari za nyumbani. Mama amehamia Kyebando kwa dada, maana nyumba ya kambi ya polisi, kama ulivyotuonya, ilikuwa ya kazi yako wala si yetu. Haonekani mnyonge. Kila siku anamgombeza shemeji kuhusu mlango wa uani usiofungika, jambo ambalo mimi naliona kuwa dalili ya afya. Shahada yangu inaning'inia sebuleni kwao, na kila niipitapo nasikia swali lako: "Falsafa inalinda lango gani?" Sijapata jibu la kukutosha. Ninalo la kunitosha mimi.

Sasa niingie kwenye shauri lenyewe. Klabu yako ya kurusha vishale pale Kisugu imeandaa mashindano ya mtoano, ya kwanza tangu tukuzike, na safari hii walikuja hata wachezaji wanaoishi kwa mchezo huu, kutoka Nairobi na kwingineko. Walipoambiwa kwamba hapa anayetolewa ndiye anayesimama ubaoni kuandika alama za mechi inayofuata ya aliyemtoa, walicheka. Wamezoea mitambo ya kuhesabu alama. Kapteni wetu mpya, Mama Akello, aliwajibu kwamba desturi hiyo aliiacha Afande, yaani wewe, na mwenye kutaka mtambo akautafute benki.

Nilitolewa na Opio katika robo fainali, kwa haki, na sina la kujitetea. Basi nikachukua chaki, nikasimama kando ya ubao kumwandikia alama yule yule aliyenitoa, katika nusu fainali dhidi ya Mwangi wa Nairobi. Unamjua Opio: ulimfundisha kushika kishale angali kuruta, na tangu ulipofariki anacheza kana kwamba unamtazama. Klabu yetu haijawahi kufikisha mtu fainali mbele ya wageni wa kiwango hicho. Ukumbi mzima ulikuwa wake.

Alibakiza alama thelathini na mbili kufikia sifuri. Mchezo haumaliziki ila kwa dabo, ule ukanda mwembamba wa ukingoni unaohesabu namba mara mbili, naye alihitaji dabo kumi na sita. Kishale cha kwanza kikatoka nje. Cha pili kikagonga waya, kikaanguka. Cha tatu kikaingia. Nilikiona, Baba. Nilikuwa karibu nacho kuliko mtu yeyote, na nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Lakini kabla sauti haijatoka, Opio aliurukia ubao, akaking'oa, akakipunga hewani akilia kwa furaha.

Mwangi hakupaza sauti. "Ametoa kabla hujaita," aliniambia. "Mimi sibishani, nauliza tu. Sheria yenu inasemaje?"

Sheria yetu. Yako. Kishale kilichong'olewa kabla hakijatangazwa hakikurushwa. Ni mara ngapi tulibishana juu ya sentensi hiyo! Nilikuambia kwamba ukweli hautegemei kutangazwa. Kwamba mvua hainyeshi kwa idhini ya mtabiri. Ukanijibu huku ukipiga pasi sare yako: "Jicho la mtu mmoja ni tetesi, mwanangu. Mdomo wa aliyewekwa ubaoni ni hukumu." Nikakuita polisi. Ukaniita wakili asiye na mteja. Tulikuwa tukifurahi, nadhani. Sikuwahi kukuuliza.

"Profesa, sema bwana!" walinipigia kelele. "Kishale ilikuwa ndani, banange! Sisi yote tumeona!" Na mwingine, kutoka nyuma: "Yeye iko na uchungu juu Opio alimtoa!"

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa hoja nzuri. Nikimnyima Opio, nitaonekana nalipiza kisasi. Nikimpa, nitakuwa nimefuata nilichokiamini miaka yote, na sheria yako itakufa mkononi mwangu, mwaka ule ule tuliokuzika, mbele ya watu waliokuita Afande.

Sikuamua kwa huzuni. Nataka uelewe hilo. Niliamua kwa hoja. Wote wawili waliingia mchezoni chini ya sheria ile, nzuri au mbaya, na Mwangi alikuwa ameiamini nyumba yetu. Sheria mbaya hubadilishwa kabla ya mchezo. Anayeibadilisha katikati, hata kwa ajili ya ukweli, amemwibia mgeni. Nikaugeukia ubao, nikaiacha thelathini na mbili pale pale, nikatangaza: "Hakuna alama."

Kelele zilizofuata sitakusimulia. Mwangi alirusha, akamaliza. Opio akatolewa, ilhali kishale chake nilikiona kwa macho yangu kikiingia.

Kisha, kwa kuwa aliyetolewa ndiye huandika, ilimpasa aje aichukue chaki mkononi mwangu. Nilidhani hatakuja. Alikuja, macho mekundu. "Wewe na baba yako," alisema, "nyinyi mtu moja. Mimi natukana nyinyi wote mbili." Akaandika fainali nzima kwa mwandiko safi, wala hakumpunja Mwangi hata alama moja. Hatujazungumza tangu siku hiyo. Nimekwenda kwake Makindye. Mkewe alisema amelala, ingawa nilimsikia akicheka na redio.

Nilitamani ungekuwepo pale ukumbini. Si kwa ajili ya sheria. Haidhuru.

Bado nasema sheria yako ina kosa. Sikuitii kwa kuwa nimeiamini. Ilimnyang'anya Opio kitu alichokipata kwa haki, na mkono ilioutumia ni wangu. Jumapili klabu inakutana, nami nimeomba nafasi ya kupendekeza ifutwe. Mama Akello ameniuliza ni nani atakayesimama upande wa pili, maana baada ya yaliyompata Opio hakuna anayetaka kuitetea.

Pumzika, Baba, mahali pasipo zamu wala filimbi. Nakuahidi hivi: nitakutetea mimi, kwanza, kwa hoja zako zote, bila kudhoofisha hata moja. Nikimaliza nitahamia upande wangu na kukupinga kwa nguvu zangu zote. Ukinishinda, sitakata rufaa.

Mwanao.