Nilimuua Sabina Tarpey kwa Mdomo Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mchonga mawe hajamaliza kazi yake, maana nimesema uongo na sasa unataka kuandikwa kaburini.

Mimi naitwa Assumpta, nina miaka hamsini na miwili, naendesha baa ya ukoo wetu hapa Mayo pamoja na baba yangu Malachy, mzee wa miaka themanini na miwili ambaye hapiki wala hafagii lakini hakosi kwenye kiti chake karibu na moto, akiwasimulia wageni jinsi baba wa babu yake, Thady Lavelle, alivyoshuka milimani mwaka 1875 na pipa moja mgongoni akaifungua baa hii kwa jasho lake, na pipa lenyewe, mshauri, linazidi uzito kila kiangazi. Mwaka huu baa inatimiza miaka mia na hamsini, na sherehe ni Jumamosi baada ya hii ijayo.

Basi mwezi wa tano akaja mama mmoja kutoka Ohio, Darlene, mjane mcheshi mwenye faili nene kama Biblia, anatafuta asili ya mama wa bibi yake, Honor Tarpey, aliyeondoka hapa kwa meli akiwa msichana, na baba akampenda mara moja kwa sababu alisikiliza habari za Thady mpaka mwisho akaomba asimuliwe tena. Nikajitolea kumsaidia. Kwa padri tukafungua vitabu vya ubatizo, tukamkuta Honor, na kurasa chache mbele mdogo wake, Sabina, na Darlene akanishika mkono asiuachie, akawa anauliza huyu naye alipatwa na nini. Kesho yake nikamwacha anakunywa supu na baba, nikaenda maktaba kutazama daftari la zamani la leseni za vileo, nikaiona baa yetu, nyumba ileile, mwaka 1875, na mwenye leseni ni Sabina Tarpey, mjane. Thady hayumo. Nikamtafuta kwenye vitabu vya ndoa, nikampata miaka mitatu baadaye akimwoa Sabina, na penye kazi yake wameandika kibarua wa kubeba mapipa. Sisi hatukuwahi kulijua jina la huyo bibi, maana jiwe lao makaburini linasema tu Thady Lavelle na mkewe.

Nilikaa garini nikauwaza uso wa baba akisikia haya. Nikarudi nyumbani nikamwambia Darlene kwamba Sabina alikufa mtoto. Alilia kidogo, akanishukuru, na shukrani hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Juzi akapiga simu kwa furaha kwamba ameagiza jiwe, "Sabina Tarpey, aliyetutoka akiwa mtoto", lizinduliwe asubuhi ya sherehe, na baba ndiye aliyemkaribisha, na baba ana hotuba ya kurasa sita juu ya Thady. Nikisema namvunja mzee, nikinyamaza namwibia mgeni ndugu yake. Nifanyeje?

Assumpta, Mayo

*

Assumpta mwanangu, kwanza nimecheka, halafu nimekukasirikia, na hasira bado haijaisha.

Nilikupigia simu siku ileile niliyopata barua, nikakuuliza Sabina alizaa watoto wangapi. Ukasema saba. Mwanamke amezika mume, amefungua baa akiwa na miaka ishirini na minne, amelea watoto saba, na wewe kitukuu wa mwanawe ukamuua utotoni kwa sentensi moja ili mzee asikunje uso. Huruma gani hiyo? Woga umevaa koti la huruma.

Nawe umehesabu vibaya. Baba yako hapokonywi kitu. Ni damu ya Sabina kama alivyo damu ya Thady, na huyo Darlene unayemwita mgeni ni ndugu yako. Nilikuambia umpigie mchonga mawe kabla hujaweka birika motoni, aache kuchonga. Kisha umwambie baba yako jikoni, si kwenye kaunta mbele ya wateja, umpe karatasi yenye nakala ya daftari la leseni, na miwani yake, ufunge mdomo.

Ulitii, na kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji. Mzee Malachy aliisoma karatasi mara tatu. Akauliza nani mwingine anajua. Akatoka nje kwenda kuwatazama kuku, ambao hajawatazama tangu Krismasi, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Aliporudi alikuwa ameshika kurasa zake sita.

"Kwa hiyo Thady alikuja kubeba mapipa," akasema, "akabebwa yeye."

Ulidhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia kidogo, kwa sababu miaka themanini amepita mbele ya lile neno "mkewe" bila kuuliza mke gani. Kisha akataka simu, akampigia Darlene: "Binamu, ni Malachy. Keti kwanza. Sabina hakufa mtoto."

Vizuri. Sasa usijipongeze. Baba yako ameleta habari njema, na katika kuileta amekusitiri, kamwambia Darlene kwamba vitabu vilikukanganya. Vitabu havikukukanganya. Ukiliacha hilo, umebadilisha uongo mmoja kwa mwingine, na huu wa pili umemtumia mzee wa watu kuubeba.

Darlene anatua Alhamisi. Usimtume mtu akampokee. Nenda uwanja wa ndege mwenyewe, uchukue mzigo wake, na kabla hujawasha gari umwambie kwa maneno haya: nilijua, nikakudanganya, nilimwogopea baba. Usiongeze "lakini". Anaweza kukasirika njia nzima hadi Mayo, na ni haki yake, nawe utaendesha kimya. Ndugu wanaruhusiwa kukasirikiana. Ni wageni tu ndio tunaowadai tabasamu.